Mume Wangu Akikosa Sauti Hulaumu Koili

Mpendwa Bi Dhahabu, assalaam aleikum, na pole kwa kazi ya kubeba mashaka ya watu usiowajua. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka chini kabla hujasema mke huyu ana kelele, kwa sababu wote niliojaribu kuwaeleza walicheka, na mimi kicheko kimenikauka.

Kwetu ni Likoni, nimeolewa Kiembeni. Mume wangu nitamwita Anwar. Anafanya kazi kwenye yadi ya makontena kule Changamwe, lakini si kazi hiyo iliyomjulisha kwa watu. Anwar ni mtu wa kaswida. Tangu yuko chuoni, madrasa, alikuwa akitangulizwa mbele kwa sababu ya sauti yake, na mpaka leo ndiye anayeongoza kikundi chao kwenye harusi na maulidi, na nikikwambia ana sauti usidhani namsifu kwa kuwa ni wangu, mimi nilimsikia kabla sijamwona, nilikuwa upande wa wanawake kwenye harusi ya binamu yangu, pazia katikati, nikamuuliza shangazi yangu Mejumaa yule ni nani, shangazi akanitazama akasema, “Huyo havuti pumzi bila sigara, usijisumbue.” Nikajisumbua.

Sigara kweli alivuta, na tumegombana kwa ajili yake tangu tuoane, mpaka mwenyewe akaona pumzi inamwishia katikati ya beti, akaziacha, akaingia kwenye vepu, hii sigara ya betri. Nilishukuru sana. Mapazia hayakunuka tena, nikampigia mamangu nikamwambia Anwar amepona. Sikujua kwamba mume ametoka kwenye pakiti ameingia kwenye tangi, na huko ndiko nilikompoteza.

Kama hujui tangi ni nini, kaa nikueleze, maana mimi sasa ningeweza kufungua duka. Vepu ina betri chini, na juu yake kuna kitangi cha kioo kinachotiwa yale maji yenye ladha, na ndani ya tangi mna koili, ambayo ni kijiwaya chenye pamba, kinapata moto na kuyageuza maji kuwa mvuke. Wako wanaojisokotea waya wenyewe, lakini Anwar hana mkono wa kazi hiyo, yeye hununua koili zilizofungwa tayari kiwandani, iliyokwisha inatolewa na mpya inatiwa, kama balbu. Ungedhani basi ni jambo jepesi. Si jepesi. Koili ya tangi hili haiingii kwenye lile, na kila moja imeandikwa wati zake, na kuna ya mvuke mwingi na kuna ya mvuke haba, na Anwar amezijaribu zote. Alianza na tangi dogo jembamba, akasema linambana pumzi. Akachukua pana, likamvujia kwenye mfuko wa kanzu nyeupe siku ya Idi. Akachukua lenye kioo kilichotuna kama tumbo, akakitoa kioo akaweka cha samawati, akatoa kidomo cheusi cha kuvutia kilichokuja nalo akaweka chenye madoa kama gamba la kasa, kisha akatafuta vipete vya mpira vya rangi inayopatana na hicho kidomo. Kabati langu la vikombe vya wageni sasa limejaa matangi, yamepangwa kama vichupa vya manukato, na wageni wangu wananywa kahawa kwenye bilauri. Nikimwambia mfereji hautoi maji ananiuliza kama nimeona kipete chake.

Ramadhani iliyopita alinijia na hoja kwamba huu si moshi, ni mvuke, na mvuke hata sufuria hutoa, kwa hiyo haufunguzi. Nikamwambia akamuulize imamu. Akaenda, akarudi kimya, na mwezi mzima hakuugusa mchana. Hapo nikajua kwamba kujizuia anaweza, na hilo nimeliweka moyoni.

Haya yote ningeyameza, Bi Dhahabu, lakini sauti imeanza kuondoka. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, anakohoa kikohozi kikavu, anakunywa maji, yanapita. Kisha akawa anazikwepa zile sehemu za juu, anampa Jafar, kijana anayemfuata kwenye kikundi. Nikamwambia, “Anwar, koo lako hilo.” Akanijibu, “Si koo, ni koili. Hii imeungua ndiyo maana inakwaruza. Nikipata ile ya wavu badala ya waya itakuwa sawa.” Akapata ya wavu, akakohoa. Akasema, “Tatizo hewa inaingilia chini. Lataka tangi la hewa ya juu.” Akapata la hewa ya juu, akakohoa. Nilipomkokota mpaka kwa daktari wa mtaani kwetu, daktari akamwambia nyuzi za sauti zimevimba, aache chochote kinachovutwa, asiimbe kwa muda, na aende hospitali kubwa kwa mtaalamu wa koo. Tulipotoka mlangoni Anwar akasema, “Huyu hajui matangi.”

Mfungo Sita uliopita, mwezi aliozaliwa Mtume, babangu alisomesha maulidi nyumbani Likoni, na kikundi cha Anwar ndicho kilichoalikwa. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, sisi varandani nyuma ya pazia. Kabla hajaanza nilimwona kando ya ukuta akivuta, wingu la embe limemfunika uso. Alianza vizuri. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikapasuka. Akameza mate, akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Jafar mwenye dufu akamtazama akingoja ishara, na ishara haikuja, dufu likanyamaza, ua wote ukanyamaza. Bi Dhahabu, wallahi sikufikiri. Niliushika ubeti pale alipouachia, kutoka nyuma ya pazia, na kwa kuwa hakuna aliyenizuia nikaupandisha, shangazi Mejumaa akaingia, wanawake wakaingia, dufu likarudi, wanaume wakaitikia, maulidi yakaendelea mpaka dua. Babangu alilia. Kuna mzee mmoja alisema kwamba sauti ya mwanamke haikupaswa kufika uani, baba akamwambia, “Iliyopaswa kufika haikufika.”

Tukavuka feri kurudi bila neno. Nikangoja aseme lolote, hata anitukane. Tulipoteremka upande wa pili akakitoa kidude chake, akakifungua, akakichungulia, akasema, “Koili imeungua. Nilijua.” Tulipofika nyumbani ndipo akasema, “Umeniaibisha kwenu, Salha.” Tangu hapo tunazungumza kama wapangaji wa nyumba moja.

Sasa nimebanwa kila upande. Nikimwambia ayatupe matangi, ananijibu kwa upole kabisa, “Ukinilazimisha nitarudi kwenye sigara,” nami namjua, atarudi. Wiki iliyopita Mzee Mwarandu, mwenyekiti wa kikundi, alikuja Anwar akiwa kazini, nikamwamkia, nikamkaribisha chai akakataa, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja gari, akasema, “Binti yangu, tumekubaliana Jafar aongoze kuanzia sasa. Mwambie mwenzio kwa utaratibu.” Nikamuuliza kwa nini wasimwambie wao. Akasema, “Wewe ndiye unayemwelewa,” akavaa viatu akaenda zake, na maneno yao bado yamenikaa kifuani. Naye Anwar anataka tangi jingine, anasema ni la mwisho, ananisogezea simu yenye picha nimchagulie, ati nikichagua mimi sitalalamika. Shangazi Mejumaa naye kanipigia, wanawake wa Likoni wanataka niwaongoze kwenye maulidi yao, nikamwambia nina mafua.

Nambari yangu nimeiandika chini, unaweza kunipigia asubuhi Anwar akiwa kazini. Niambie, nimchagulie tangi yaishe? Nimwambie habari ya Jafar? Au nirudi kwetu nikapumzike, maana nimechoka na mtu anayeona kila kinachoungua isipokuwa yeye?

Ni mimi, Mke wa Matangi, Kiembeni.

*

Mke wa Matangi, waaleikum salaam. Nimekusoma mpaka chini kama ulivyotaka, na sikucheka. Nimechoka kwa niaba yako. Na kwa kuwa mnafiki hafai kutoa ushauri, nakwambia pia kwamba kuna mahali umenichosha wewe mwenyewe, tutafika.

Tuanze na Mzee Mwarandu, maana jambo lake ni jepesi. Mtu mzima mwenye mvi anaingia nyumbani mwenye nyumba hayupo, anamtwika mkewe mzigo, na chai anaikataa. Mrudishie mzigo wake. Mpigie leo, kabla ukurasa huu haujamfikia Anwar, mwamkie kwa adabu zote, kisha umwambie hivi: “Mzee, jambo la kikundi lizungumzwe kikundini, na mwenyewe mnamjua anakopatikana.” Usiongeze neno. Ukilibeba wewe, Anwar hatasikia kwamba kikundi kimempumzisha. Atasikia kwamba mkewe, baada ya kumpokonya ubeti Likoni, amempokonya na kikundi. Wanaume wale wanajua hivyo, ndiyo maana wamekutuma.

Kurudi kwenu, hapana. Hujapigwa wala hujafukuzwa, umechoshwa. Mtu aliyechoshwa huenda kwa mamake akalala siku chache, akala vizuri, akarudi. Hafungi sanduku.

Sasa hayo matangi. Usimchagulie. Ukichagua wewe, siku litakapokwaruza kosa litakuwa lako. Lakini usiyatupe jalalani akiwa kazini, na najua wazo hilo limeshakupitia. Aliyekimbia sigara ukimpokonya alichokishika kwa ghafla, duka la kona liko karibu kuliko daktari.

Jipya hanunui. Katika aliyonayo abaki na moja, na moja lenyewe ni lile la kwanza, dogo jembamba, alilosema linambana pumzi. Kubana huko ndiko kunakopunguza mvuke. Atumie koili ya kiwandani iliyotengenezwa kwa tangi hilo, na wati aziweke kwenye kile kiwango cha chini kilichoandikwa. Akitia koili mpya, aidondoshee pamba yake yale maji na kuiacha ikae mpaka inywe kabla hajavuta. Asiye na subira ya kungoja huiunguza pamba siku ile ile, kisha analaumu kiwanda. Ladha ikigeuka ya kuungua, koili inatupwa. Yale maji ayafungie mahali ambapo mtoto yeyote hafiki, hata wa mgeni, kwa sababu yakinywewa ni sumu. Vioo vya samawati na vidomo vya kasa avigawe au aviuze, na vikombe vyako virudi kabatini leo hii.

Na mnielewe nyote wawili. Hiyo ni njia ya kumshusha polepole, akiwa na daktari wa kumwongoza kupunguza nikotini mpaka aifikie sifuri. Dawa ya koo siyo. Hakuna tangi, liwe la hewa ya juu au ya chini, linaloponya nyuzi za sauti, na mvuke wenye ladha ya embe hauna embe ndani yake. Alichoambiwa na yule daktari wa mtaani ndicho, na aliyekwenda mwezi mzima wa Ramadhani bila kuvuta mchana asituambie hawezi.

Sasa sikia kilichotokea. Ulisema nikupigie asubuhi, nikakupigia. Akapokea Anwar. Kikohozi kilimrudisha kutoka kazini, na wewe ulikuwa umetoka kwenda sokoni ukaiacha simu mezani. Mimi sidanganyi watu, nikajitaja.

“Shikamoo,” akasema. Kisha, “Kumbe ameandika.”

“Marahaba. Ameandika.”

“Amesema nini?”

“Amesema una sauti ambayo aliipenda kabla hajakuona.”

Hapo akaanza. Koili za siku hizi, Bi Dhahabu, hazitengenezwi kama za zamani, pamba yake nyembamba, na kuna tangi moja ameliona ambalo lingemaliza maneno yote haya. Nikamwacha aseme, maana mtu anayekimbia huachwa achoke. Alipofika kwenye vipete vya mpira nikamuuliza, “Baba, siku ile Likoni, hiyo koili ndiyo iliyokuwa ikiimba?”

Salha, nilidhani atakata simu. Alikohoa sana, na kikohozi chake nimekisikia, nami nakwambia si cha kuchezea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Yule daktari alisema zimevimba. Huyo wa hospitali kubwa akisema hazirudi tena, je? Tangi likiharibika nabadilisha. Koo nitabadilisha na nini?”

Basi ndiyo hiyo habari yake yote. Mumeo hana wazimu wa vioo. Ana hofu, na hofu yake ameipangia kabatini mwako ili isionekane. Umeishi nayo ndani ya nyumba ukidhani ni ujinga, na usijilaumu kwa hilo, maana hata yeye alikuwa hajawahi kuitamka mpaka alipoitamka kwa bibi asiyemjua kwenye simu ya mkewe. Nikamgombeza. Nikamwambia hofu haimzuii daktari kusema ukweli, inamzuia tu kuusema mapema, na nyuzi zilizovimba leo zina nafasi ambayo huenda zisiwe nayo mwakani. Akakubali kwenda. Alikubali kwa mdomo, kwa hiyo wewe ndiye utakayekwenda naye, mkae foleni pamoja, uingie naye ndani, usikie kwa masikio yako, ili mkitoka asikwambie daktari hajui matangi.

Nikamuuliza na lile la aibu. Nilitaka kujua kama kweli ana kinyongo nawe. Akasema, “Alishika pale pale nilipoachia, akapandisha mahali ambapo mimi sifiki tena. Miaka yote hii sikujua kwamba kaswida anazijua. Hajawahi kuimba nyumbani hata akipika.” Nikamwambia hayo si ya kuniambia mimi. Akaniomba nikufikishie. Nikakataa. Mzee Mwarandu amekutuma wewe, wewe umenituma mimi, sasa na yeye anitume. Nyumba gani hii ambayo kila neno lazima lipitie kwa jirani? Nikamwambia amwambie mkewe mwenyewe. Akasema hawezi. Nimempa mpaka gazeti hili litoke, na kama umesoma mpaka hapa kabla hajakwambia, mwekee mbele yake ukurasa huu, mwonyeshe kwa kidole, kisha ukae kimya. Usimsaidie maneno. Asipoyapata, ngoja mpaka ayapate.

Nilikwambia kuna mahali umenichosha. Ni pale pa shangazi yako, ulipopataja haraka haraka karibu na mwisho kama mtu anayeficha kitu chini ya mkeka. Mumeo ana ugonjwa wa kweli na anausingizia tangi. Wewe huna ugonjwa wowote, na umejisingizia mafua. Ulijizuia usiimbe ili asiumie, na yeye hakuponea hapo. Ameendelea kuumia, na wanawake wa Likoni wamebaki wakikungoja. Ukimya wako hautamrudishia sauti yake. Utamfanya tu awe na deni la sauti mbili badala ya moja.

Mpigie Bi Mejumaa leo, umwambie mafua yamekwisha. Anwar umwambie ana kwa ana kwamba umekubali kuongoza, kabla hajasikia kwa watu. Akikasirika, akasirike akiwa amekaa mbele yako, hasira ya hivyo huwa na mwisho. Yeye aende kwa daktari, wewe uende ukaimbe, na kati yenu atakayeumwa na wivu aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mimi simu yenu siipokei tena.